Re: Kware wamedonolewa kichwa hadi fuvu linaonekana, niwachinje?

Usichinje kwanza, mkuu. Kama bado anasimama, anakula na jicho ni zima, kidonda cha ngozi ya kichwa mara nyingi hufunga baada ya wiki mbili tatu.

Mtoe bandani sasa hivi, umweke peke yake kwenye boksi. Wenzake wakiona wekundu hawaachi kudonoa. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishe kwa kisu, acha yapoe. Mwagia kidonda kwa sirinji isiyo na sindano, usisugue. Kisha iodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi, iguse kidonda kwa pamba, mbali na macho. Mafuta yenye dawa ya ganzi usipake, yanaweza kumuua ndege mdogo hivyo.

Kwa joto letu la Dar balbu ya kumpa joto haihitajiki sana. Adui ni nzi. Funika boksi kwa kipande cha chandarua, kagua kidonda asubuhi na jioni. Ukiona vitu vyeupe kama punje za mchele vimeshikana kwenye manyoya, hayo ni mayai ya nzi, yatoe kwa kibanio kabla hayajawa funza.

Usimrudishe mpaka ngozi ifunge kabisa. Ila hesabu madume pia, maana wakizidi ndio hudonoa wenzao vichwa: dume mmoja kwa majike wanne inatosha, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Dume wa ziada peleka jikoni.