Kwa nini Mjapani anauza gari likiwa bado zima

Mkuu, umeuliza kama Japani kuna sheria inayomlazimisha mtu kuachana na gari likifikisha miaka kadhaa, au wanatuletea tu waliyoyachoka. Sheria hiyo haipo. Nimesoma Nagoya na nimemiliki gari kule, ngoja nikueleze mambo yanavyokwenda.

Mchawi ni ukaguzi wanaouita shaken. Gari dogo la binafsi likitoka jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, maisha yake yote. Na si ukaguzi wa kuzunguka gari na kuchungulia stika ya bima. Langu nililipeleka mwenyewe bila kupitia gereji, maana inaruhusiwa na unaokoa hela. Unaingia kwenye foleni, matairi yanakaa juu ya rola, breki zinapimwa. Taa zinapimwa mwanga wake unaangukia wapi. Moshi nao unapimwa. Halafu mkaguzi anaingia chini na kinyundo, anagonga nati moja baada ya nyingine huku anasikiliza. Ule mpira unaofunika jointi ya ekseli ya mbele ukiwa umepasuka, umefeli, hata kama gari linakwenda bila mlio wowote. Fundi wetu hapa angekwambia "hiyo bado sana, bosi."

Sasa jumlisha kodi ya uzito, bima ya lazima na matengenezo: yeni laki moja inakatika kirahisi, mara nyingi zaidi. Gari la miaka kumi linaweza kuwa halina hata thamani hiyo kwenye soko la kule. Likivuka miaka 13, kama ni la petroli na si haibridi, kodi ya mwaka nayo inapandishwa. Muuzaji wa magari anazijua tarehe zako, anapiga simu mapema, kwa adabu mpaka unaona aibu kukataa. La zamani linakwenda mnadani, na huko ndiko wanunuzi wa kwetu wanalikuta.

Kitu kingine ni maegesho. Tangu sheria ya mwaka 1962, mtu wa mjini hasajili gari bila kuthibitishia polisi kwamba ana pa kulilaza, siku hizi ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani. Mimi nilichora ramani kwa mkono nikapeleka kituoni. Tokyo sehemu hiyo unailipia kila mwezi, na kazini watu wanakwenda kwa treni, gari linasubiri Jumapili. Kwa hiyo kilomita chache kwenye dashibodi si lazima ziwe zimechezewa. Ila vijijini kila mtu anaendesha, na kaskazini kwenye theluji, Hokkaido kwa mfano, barabara zinamwagiwa chumvi. Gari la huko linang'aa juu, chini limeliwa na kutu. Omba picha za chini kabla hujatuma hela.

Omba pia karatasi ya mnada, ile yenye alama za hali ya gari. Daraja 4 na kuendelea ni gari safi. Ukiona R, lilipata ajali likanyooshwa. Na kama stika ya shaken bado ipo kwenye kioo cha mbele, isome kwa ndani kabla hujaibandua. Mwaka wameuandika kwa kuhesabu utawala wa mfalme, na wa sasa ulianza 2019, kwa hiyo 5 ni 2023. Ukaguzi ukiwa uliisha zamani kuliko anavyodai muuzaji, muulize gari lilikuwa limelala wapi.

Kuhusu yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari, wengi mnadhani anatoa onyo la injini. Anasema tu kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, ile ya kulipia barabara kuu bila kusimama. Mwambie fundi umeme akitoe hicho kidude cha kusomea kadi, gari halidhuriki na chochote.