Eosinofili Zikipanda, Ulizia na Moyo

Ukiishi na pumu miaka mingi, kila mtu humaliza shida yako kwa jibu moja: ni pumu. Mimi nilifika mahali ambapo siwezi kulala chali bila kukosa pumzi, miguu imevimba, na dawa ya kuvuta haisaidii kitu. Aliyenitoa hapo ni daktari aliyesoma karatasi ya vipimo vya damu mstari kwa mstari. Kwenye eosinofili, aina ya seli nyeupe za kinga zilizomo kwenye damu, palikuwa na alama ya kupanda, naye akaagiza moyo upimwe siku ileile.

Kwa hiyo, omba nakala ya majibu yako ya picha kamili ya damu, uyahifadhi. Kwa kawaida eosinofili hazizidi 500 katika mikrolita moja ya damu. Zikifika 1,500 na zisishuke, viungo vya ndani vichunguzwe, moyo ukiwemo. Angalia idadi yenyewe, si asilimia peke yake. Tena kumbuka kwamba prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, huzishusha haraka, hivyo kipimo kilichochukuliwa baada ya kuanza vidonge kinaweza kuonekana safi na tatizo bado lipo. Isitoshe, kuna wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu mwanzoni ilhali moyo umeshavamiwa.

Seli hizi zikiingia kwenye msuli wa moyo humwaga protini zenye sumu. Kwanza msuli huvimba na seli zake kufa. Kisha mabonge ya damu hujishika kwenye ukuta wa ndani, na bonge likichomoka huweza kuleta kiharusi. Mwisho hubaki kovu gumu, moyo ukashindwa kutanuka na kujaa damu vizuri. Wilhelm Löffler, daktari wa Uswisi, alieleza ugonjwa wa aina hii mwaka 1936. Uvimbe hutibika, kovu halirudi nyuma. Ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Vipimo huanza na troponini (protini inayoonekana kwenye damu msuli wa moyo ukiumia), umeme wa moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), halafu MRI ya moyo, yaani picha ya kina kwa nguvu ya sumaku. Cha uhakika zaidi ni kuchukua kinyama cha moyo. Niliogopa sana kusikia hivyo. Walinipiga ganzi shingoni, wakapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, na kila kifaa kilipogusa ukuta wa moyo nilisikia mapigo yakiruka. Maumivu hayakuwa makali. Ukipewa nafasi ya kipimo hiki na ukaelezwa hatari zake, usikikimbie kwa woga tu.

Tiba kuu ni steroidi, mara nyingi kwa dozi kubwa mwanzoni. Lakini ukiwa umewahi kuishi sehemu za joto, au kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu, mkumbushe daktari kuhusu minyoo ya strongiloidesi kabla ya kuanza. Steroidi huwapa minyoo hao nafasi ya kuzaliana na kusambaa mwilini, jambo linaloweza kuua, na dawa ya minyoo iitwayo ivermektini huwamaliza. Usione haya kuliuliza swali hili.

Chanzo nacho kitafutwe, maana ndicho kinachoamua kinachofuata. Peleka dawa zako zote mezani kwa daktari: baadhi ya antibiotiki, dawa za kifafa na klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, huweza kuwasha moto huu, na hapo dawa husika husimamishwa kwa usimamizi wake. Wenye kasoro ya jeni ya FIP1L1-PDGFRA huitikia imatinibu, dawa ya saratani ya damu, vizuri mno. Wengine, hasa wenye pumu na uvimbe wa mishipa ya damu kama mimi, huweza kupewa mepolizumabu, sindano ya kupunguza eosinofili, ili kupunguza utegemezi wa steroidi. Bonge likionekana, huongezwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na moyo ukichoka hupewa dawa zake.

Prednisoloni ina kero: uso huvimba, usingizi hupotea, sukari hupanda. Hata hivyo usiiache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Dozi hupunguzwa polepole huku damu na eko vikirudiwa, kwani ugonjwa huu hurudi, na mwili uliozoea vidonge huweza kuporomoka ukinyimwa mara moja.

Maumivu mapya ya kifua, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla havingoji siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, na mlangoni kabisa waambie kwamba eosinofili zako zimewahi kuushambulia moyo.