Sarafu Yenye Rangi Mbili: Fedha, Dhahabu au Bandia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninayo sarafu ya zamani iliyosagika sana. Upande mmoja umebaki na kivuli cha kichwa cha mwanamume mwenye ndevu anayetazama kushoto. Upande wa pili naona mnyama aliyesimama juu ya kitu kinachofanana na taji, na kushoto kwake zimesalia tarakimu 19 peke yake. Kinachonitatiza ni rangi: sehemu zilizo chini ni nyeupe ya kijivu, lakini zile zilizoinuka, yaani shavuni na mgongoni mwa mnyama, ni za manjano inayoelekea kuwa hudhurungi. Kipenyo ni milimita 23.5, uzito ni gramu 5.4, na sumaku haiivuti. Mtu mmoja ameniambia ni dhahabu iliyopakwa fedha, mwingine anasema ni bandia, na wa tatu amenishauri niisugue kwa limau na majivu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi kwanza usiisugue, kwa sababu rangi hiyo unayotaka kuiondoa ndiyo ushahidi wenyewe. Umefanya vyema sana kutueleza mahali kila rangi ilipo, jambo ambalo wengi hulisahau wakatuandikia tu kwamba sarafu yao ni ya njano au nyeusi. Sarafu iliyopakwa dhahabu na kisha ikachakaa huwa na mpangilio ulio kinyume cha wako: dhahabu hubaki imejificha pembeni mwa herufi na katika mikunjo ya nywele, huku sehemu zilizoinuka, ambazo ndizo hupokea msuguano wa vidole na mifuko, zikirudia rangi ya madini ya ndani. Kwako weupe ndio uliosalia mabondeni na umanjano ndio uliofichuka vileleni. Kwa hiyo umanjano ni wa mwili wa sarafu, na weupe ni ngozi yake ya juu.

Maelezo hayo yanalingana na shilingi ya Uingereza ya wakati wa mfalme George V. Simba aliyesimama juu ya taji alikuwapo pia kwenye shilingi za baba yake, Edward VII, ambaye naye alikuwa na ndevu, lakini Edward anatazama kulia na George anatazama kushoto. Hata uso ukifutika kabisa, mwelekeo wa kichwa kwa kawaida huendelea kutambulika. Tarakimu 19 zilizo kando ya simba zinatusaidia zaidi, kwa kuwa shilingi za George V zilizotolewa kuanzia 1927 hazikuugawa mwaka namna hiyo, bali ziliuweka pamoja na maandishi ya ukingoni. Shilingi mpya ilikuwa na uzito wa gramu 5.66, hivyo kupungua kwa robo gramu si ajabu kwa sarafu iliyosagika kiasi hicho.

Sasa rangi. Hadi 1919 shilingi hiyo ilikuwa na fedha asilimia 92.5. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda hadi thamani ya madini ikaipita thamani iliyoandikwa kwenye sarafu, na mwaka 1920 serikali ya Uingereza ikapunguza fedha hadi asilimia 50, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa shaba. Mchanganyiko huo kwa asili si mweupe. Ili sarafu zipendeze zikiwa mpya, vipande vyake vilisafishwa kwa tindikali iliyoondoa shaba ya juu na kuacha utando mwembamba wenye fedha nyingi zaidi. Utando huo haukudumu, na kadiri ulivyolika ndivyo umanjano ulivyojitokeza. Kwa maoni yangu unayo shilingi halali ya kati ya 1920 na 1926, na aliyekuambia ni bandia amehukumu kwa rangi badala ya kuichunguza sarafu.

Ukitaka uhakika zaidi, uzito peke yake hautoshi, maana shilingi ya kabla ya 1920 na ya baadaye zilitengenezwa kwa uzito uleule. Pima ujazo. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Kwa sarafu yako ya gramu 5.4, mizani ikisoma karibu 0.56 ni mchanganyiko wa nusu fedha. Ikisoma karibu 0.52 ni fedha ya asilimia 92.5. Dhahabu ya karati 22 ingesoma takriban 0.31 tu. Rudia mara kadhaa, kwa kuwa hata kiputo kidogo cha hewa hubadilisha jibu, kisha ikaushe kwa kuigandamiza polepole kwenye kitambaa laini.

Kuhusu tarakimu zilizofutika, ingia katika chumba chenye giza, laza tochi karibu usawa na uso wa sarafu, na uizungushe taratibu. Mwinuko usioonekana mchana mara nyingi hutoa kivuli.

SWALI: Nina senti moja ya Marekani ya 1943 iliyo nyeupe, ingawa senti zote za aina hiyo nilizowahi kuona ni nyekundu. Je, ni ya fedha?

JIBU: Hapana. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, na senti zikatengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Ijaribu kwa sumaku: itanasa. Uzito wake wa awali ni gramu 2.70, wakati ile ya shaba ni gramu 3.11. Ukiona kutu imeanzia ukingoni, usishangae, kwani vipande vilikatwa kutoka kwenye bamba lililokwisha kupakwa, na ukingo ukabaki wazi. Na ukija kuuziwa senti ya 1943 yenye rangi ya shaba kwa madai kwamba ni adimu, sumaku iwe ya kwanza kuulizwa, kwa sababu nyingi kati ya hizo ni za chuma zilizopakwa shaba baadaye.