Kura sita mkononi: majibu kwa maswali ya wasomaji kuelekea Agosti 2027

Katiba ya Kenya imeuweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya Agosti ya kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo ujao utaangukia Agosti 10, 2027. Siku hiyo kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinahusu viti vya mashinani, ambavyo huzungumzwa kidogo kuliko kiti cha urais ilhali ndivyo vinavyoamua kama zahanati itakuwa na dawa na soko litakuwa na choo. Nimejibu yale yanayoweza kujibiwa kwa Katiba na sheria. Waliotaka kujua nani atashinda, hao nimewaachia waganga.

SWALI: Mgombea mmoja wa uwakilishi wadi kwetu ameahidi kututilia lami barabara kuu, kujenga madarasa ya shule ya msingi na kutuletea kituo cha polisi. Mpinzani wake ameahidi kupigania zahanati ipate wahudumu, basi. Wazee wanasema huyu wa pili hana maono. Wewe waonaje? (Msomaji, Kitui)

JIBU: Wape wazee salamu zangu, kisha uwaombe wasome nawe Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambalo linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Barabara kuu za kitaifa, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, polisi na hospitali kuu za rufaa za kitaifa viko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, kilimo na huduma za mifugo, masoko, leseni za biashara, maji na usafi, uzoaji wa taka, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo, katika orodha uliyoniandikia, ahadi iliyo ndani ya mamlaka ya kaunti ni moja tu, nayo ni ile ya zahanati.

Hata hapo pana jambo ambalo wagombea wengi hulipitia haraka. Mwakilishi wadi hajengi chochote, kwa sababu yeye si mtendaji. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha mipango na bajeti, na kuisimamia serikali ya gavana ili fedha zilizopitishwa zitumike kwa jambo lililokusudiwa. Atakayeajiri wauguzi na kununua dawa ni gavana na kamati yake tendaji. Anayetafuta kura za wadi kwa uaminifu atakuambia, "Nitahakikisha zahanati hii imo katika bajeti, na isipojengwa nitamwita waziri wa afya wa kaunti mbele ya kamati aeleze." Maneno hayo hayana mvuto jukwaani, nakubali, lakini ni maneno unayoweza kumdai baadaye. Yule wa kituo cha polisi utamdai nini, naye hana mamlaka juu ya polisi hata mmoja?

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa karatasi nyingine utakazopewa siku hiyo. Seneta hutetea maslahi ya kaunti, hushiriki kuamua jinsi mapato yanavyogawanywa baina yake, na husikiliza mashtaka dhidi ya gavana ambaye bunge la kaunti limepiga kura ya kumwondoa. Mwakilishi wa kike huchaguliwa na kaunti nzima, lakini huketi katika Bunge la Kitaifa pamoja na wabunge wa maeneobunge 290, akiwa na kura sawa na zao. Mbunge naye hutunga sheria na kuisimamia serikali ya kitaifa. Basari zimemfanya ajulikane zaidi kama mgawaji wa karo, na kwa maoni yangu hilo limetupotezea wasimamizi wengi wazuri, kwani tunawapima kwa hundi walizogawa na kusahau sheria walizozipigia kura.

Rasilimali za kaunti nazo si za kubahatisha. Kifungu cha 203 kinataka kaunti zipate kwa pamoja kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa msingi wa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Mgombea ugavana anayesema kaunti haina pesa, na kesho yake akaahidi uwanja wa ndege, aulizwe anafanya hesabu gani.

SWALI: Kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika nambari za vitambulisho na kutuachia pesa kidogo. Nilizichukua, nina watoto. Je, wanaweza kujua nilimpigia nani? Na mimi nimevunja sheria? (Mama muuza mboga, Kisumu)

JIBU: Nianze na hofu yako, mama. Mtambo wa kielektroniki unaokagua alama ya kidole chako kituoni huthibitisha kwamba wewe ndiwe uliyesajiliwa na kwamba umefika. Hauoni alama uliyotia kwenye karatasi. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 81, inataka kura iwe ya siri, na hakuna orodha ya nambari za vitambulisho inayoweza kumwambia mgombea ulichofanya ukiwa peke yako pale kibandani. Wanaokuambia vinginevyo wanakutisha ili pesa zao zisipotee. Wakikutaka upige picha karatasi yako kwa simu kama ushahidi, kataa, kwa kuwa huko ni kuvunja siri ya kura.

Kuhusu sheria, sitakuficha. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu anayetoa hongo ya kura kuwa mkosaji, na anayeipokea kwa ahadi ya kupiga au kutopiga kura naye hayuko salama. Kununua kitambulisho cha mtu, au kukizuia ili asifike kituoni, nako ni kosa. Mtu akikuomba "akuwekee" kipande chako hadi siku ya kura ipite, usimpe hata kama ni ndugu wa mume wako. Pesa hizo hazikufungi kumpigia yeyote, maana mapatano ya kununua kura ni haramu na hakuna mahakama itakayoyatekeleza. Wapo wanaofundisha "kula kwao, piga kwako". Mimi siufundishi ushauri huo, kwa sababu anayekula leo ndiye anayezoesha bei ya kesho. Lakini baina ya mama aliyepokea senti za unga na yule aliyejaza gari noti, najua ni nani ningependa kumwona kizimbani kwanza.

Malalamiko hupelekwa polisi au kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ambayo ina uwezo wa kuwaadhibu wagombea na vyama vinavyokiuka kanuni za maadili ya uchaguzi. Ukieleza mahali, siku na jina la mgombea aliyetajwa, malalamiko yako yatakuwa na uzito kuliko uvumi.

SWALI: Chifu wetu amesema katika baraza kwamba wadi isipomchagua mtu fulani "haitapata maendeleo". Ana haki? (Kijana, Bungoma)

JIBU: Hana. Chifu ni afisa wa umma, na maafisa wa umma hawaruhusiwi kumpigia debe mgombea wala kutumia rasilimali za serikali kumfaa. Baraza aliloliitisha kwa wadhifa wake ni rasilimali mojawapo.

SWALI: Nataka kuwania uwakilishi wadi kama mgombea huru. Nilipokagua nikakuta nimesajiliwa kuwa mwanachama wa chama ambacho sijawahi kujiunga nacho. Mimi pia ni mwalimu wa chekechea niliyeajiriwa na kaunti. Nifanye nini? (Msomaji, Taita Taveta)

JIBU: Hauko peke yako. Mnamo 2021 Wakenya wengi waligundua majina yao katika orodha za vyama bila ridhaa yao, na kelele zilizopigwa wakati huo ndizo zilizowazoesha watu kujikagua. Kwako jambo hili si la kupuuza, kwa kuwa Kifungu cha 85 kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa, na awe hajawa mwanachama kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa kalenda ya 2027, maana yake ni kwamba jina lako liwe limetoka kabla ya Mei 10. Andikia chama barua ya kujiuzulu, hakikisha unabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, kisha ufuatilie kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa hadi uone jina limefutwa. Utaona ni kejeli kujiuzulu kutoka mahali ambapo hukuingia, nami naona hivyo hivyo, ila barua ni nafuu kuliko kesi.

Kikwazo cha pili ni ajira yako. Sheria ya Uchaguzi inamtaka afisa wa umma anayekusudia kugombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura. Hapo pima vizuri, kwani mshahara ukikatika Februari hurejei darasani kwa sababu tu umeshindwa Agosti. Cha tatu ni sahihi: mgombea huru wa kiti cha wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Kusanya zaidi ya hizo, maana baadhi zitakataliwa zikikaguliwa.

SWALI: Mama yangu haoni vizuri. Nani atamsaidia kutia alama? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Wewe mwenyewe, ikiwa mama amekuchagua. Utakula kiapo cha kutunza siri, na huruhusiwi kumsaidia mpiga kura mwingine zaidi yake. Asipofika na mtu, msimamizi wa kituo atamsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Mgombea au wakala wake hana ruhusa ya kumshika mkono, hata akiwa jirani mwema kiasi gani.

SWALI: Ninafanya kazi Nairobi lakini nimesajiliwa nyumbani Siaya. Nihamishe kura? (Msomaji, Embakasi)

JIBU: Sheria inakupa kituo kimoja tu cha usajili, na kujisajili mara mbili ni kosa. Swali langu kwako ni hili: maji yako yanatoka kwa kaunti ipi, na taka zako nani anazizoa? Ikiwa unaishi Embakasi miezi 11 kwa mwaka, gavana wa Siaya hawezi kukuondolea uchafu mlangoni, na yule wa Nairobi hana sababu ya kukuogopa. Ninaelewa mvuto wa nyumbani, kwani huko ndiko kuna shamba na wazazi, na kura ya urais ina uzito sawa popote itakapopigwa. Hata hivyo kura tano kati ya sita ni za mahali, na kwa hizo ningeshauri uhamie unakotumia huduma. Ombi la kuhamisha lipeleke kwa Tume mapema, maana daftari hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kura.

SWALI: Mwakilishi wetu hatujamwona tangu 2022. Tunaweza kumwita nyumbani kabla ya uchaguzi? (Kikundi cha vijana, Nyandarua)

JIBU: Mmechelewa. Sheria ya Serikali za Kaunti inaruhusu wapiga kura kuanzisha hatua ya kumwondoa mwakilishi wadi baada ya miezi 24 tangu achaguliwe, lakini si katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, na hata ndani ya dirisha hilo mngehitaji sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa wadi. Kwa wabunge hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele muhimu vya utaratibu uliowekwa katika Sheria ya Uchaguzi. Itumieni hasira yenu kukusanya kumbukumbu za bunge la kaunti: hoja alizowasilisha, vikao alivyohudhuria, bajeti alizopitisha. Kumbukumbu hizo ni za umma, na mkizisoma mbele yake jukwaani atakosa pa kujificha.

SWALI: Tulindeje kura za wadi yetu zisibadilishwe njiani? (Mwalimu mstaafu, Vihiga)

JIBU: Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, matokeo huandikwa kwenye fomu ya kila kiti, mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni ili umma uione. Juni 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa makao makuu. Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na upeperushaji wa matokeo ulikuwa kiini cha uamuzi huo. Mwaka 2022 Tume ikaziweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, na raia yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha.

Lakini angalia, Mwalimu: 34A ni fomu ya urais. Kiti cha wadi, ambacho aghalabu huamuliwa kwa kura chache, hakina macho mengi kiasi hicho. Kwa hiyo gawaneni vituo vya wadi mapema, kila mmoja apige picha fomu iliyobandikwa mlangoni, mjumlishe wenyewe, kisha mlinganishe na matokeo yatakayotangazwa na msimamizi wa uchaguzi. Hamhitaji kuingia ndani wala kubishana na polisi. Tofauti ikionekana, mlalamishi ana siku 28 tangu matokeo yatangazwe kufikisha kesi mahakamani, nayo iamuliwe ndani ya miezi 6. Picha hizo zihifadhiwe katika simu zaidi ya moja hadi siku hizo 28 ziishe.