Re: Nihamie SeaDream au Star Clippers?

Habari mkuu. Kwa hiyo wewe ni mtu wa Windstar, kampuni ya meli za kitalii, ila meli yako wameirefusha toka abiria 212 hadi 312 na unataka kitu kidogo zaidi, unauliza uhamie SeaDream au Star Clippers, kampuni nyingine za aina hiyo. Usianze na bei ya tiketi, itakuchanganya tu, angalia kwanza kilichomo ndani yake: SeaDream (abiria 112) vinywaji na bakshishi vimeshaingia humo, Star Clippers vinywaji unajilipia, sasa jumlisha vyote ugawanye kwa idadi ya siku. Nilipopiga hesabu hiyo ile "nafuu" ikakaribiana kabisa na ya ghali, nikabaki nacheka peke yangu.

Halafu chumba. SeaDream hakuna balkoni, na popote utakapobuku chungulia ramani ya deki (inayoonyesha vyumba viko wapi melini), mimi niliwahi kulala chini kule mbele kwenye meli moja, siitaji jina, kila alfajiri wakishusha nanga mnyororo unanguruma hadi unakurusha kitandani.

Star Clippers ni matanga kwelikweli, meli yao Royal Clipper ina milingoti 5 na matanga 42, upepo ukikolea meli inalala upande glasi inateleza mezani. Mimi napenda, ila mwenzio anayechafukwa na bahari muulize kabla hujalipa.