Umefilta, sawa, endotoksini je? Maneno machache kwa wageni wa maabara ya vidonda

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza huku Tanga, naandika nikiwa na hasira kidogo na mapenzi mengi. Juzi nimeangalia sahani ya eliza (kile kipimo cha protini kinachobadilika rangi) ya kijana mmoja wa mafunzo, njano mstari mzima, TNF, ile protini ya kuwasha inflamesheni, imepanda mpaka mashine imeshindwa kusoma, na mwenyewe anatabasamu kama bwana harusi. Nikamuuliza ekstrakti, hayo maji ya majani uliyowapa seli, umeitayarishaje? "Nimefilta na 0.22, dokta." Endotoksini je, yale mabaki ya ganda la bakteria? "Si nimefilta?" Bas. Huyu si wa kwanza na mwaka huu hatakuwa wa mwisho, kwa hiyo nayaweka yote hapa, mkishasoma msinifuate ofisini na swali hilohilo.

1. Endotoksini. Hii ndo namba moja, na ingeweza kuwa namba zote.

Filta ya mikroni 0.22 inazuia bakteria, haizuii mabaki yao. LPS, ndo endotoksini yenyewe, inapita. Otoklevu ya nyuzi 121 inaua bakteria lakini LPS inabaki na nguvu zake, na bakteria wakipasuka ndo wanaimwaga zaidi. Vyombo vya kioo vinataka moto mkavu, nyuzi 250 kwa nusu saa, na plastiki nunueni zilizothibitishwa hazina paijeni, yaani vitu vya kuleta homa. Monositi, seli za kinga za kwenye damu ya binadamu, zinaamka kwa pikogramu chache tu kwenye mililita. Sasa we umeloweka majani usiku kucha kwenye joto la Tanga, mezani, halafu unashangaa TNF imepanda? Isingepanda ndo ningeshangaa.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta, tena yalinikuta hadharani. Nilikuwa Ulaya nasoma uzamivu, nikabeba unga wa majani ambayo bibi yangu wa Pongwe anaoshea vidonda, vibali vyote ninavyo, na mti siutaji jina kwa sababu mti wenyewe haukukosa kitu. Wazo halikuwa baya. Kidonda cha kisukari kinakwama kwenye inflamesheni, makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu, zinaendelea kupigana wakati zilitakiwa ziwe zimeshahamia kwenye kujenga, nikasema labda majani ya bibi yana kitu cha kuzisukuma. Nikaloweka, nikafilta, nikaweka kwenye makrofeji za uboho wa panya. TNF juu. IL-6, nayo ya kuwasha, juu. IL-10, ambayo ni ya kuzima, nayo juu, nikafurahi zaidi, nikasema ona, inawasha na kuzima yenyewe! Nikapunguza dozi mara mia, bado juu vilevile, na hapo mtu mwenye akili zake angesimama akajiuliza ni dawa gani hiyo ukiizimua mara mia haijali. Mie kwenye daftari nikaandika "ina nguvu sana". Daftari ninalo mpaka leo, anayetaka kucheka aje.

Nikachora mchoro wenye mishale ya rangi. Nikampigia bibi simu, nikamwambia dawa yako inaamsha askari wa mwili, bibi akamwambia jirani, jirani akamwambia wa msikitini, ikawa Pongwe nzima inajua mjukuu wa fulani kaithibitisha dawa kwa wazungu. Watu wakaanza kuja kuchuma majani kwenye ua wake.

Halafu ukaja mkutano wa idara. Nimemaliza kuzungumza, watu wamepiga makofi ya adabu, akanyosha mkono mama mmoja mtu mzima ambaye siku zote nilidhani anasinzia. Akauliza: ukiichemsha inakuwaje? Sijachemsha. Umeweka polimiksini B? Sijaweka. Akasema asante, akaendelea kuandika vitu vyake. Hakuna aliyecheka, na nakwambieni bora wangecheka.

Nikarudi kuchemsha. Protini ingeharibika, lakini ishara haikutikisika hata kidogo. Nikaweka polimiksini B, ambayo inaikamata LPS, ishara ikaporomoka karibu na sifuri. Nilikuwa bado natafuta pa kujishika, supavaiza akanipa makrofeji za panya wa C3H/HeJ, wale wenye hitilafu kwenye kipokezi cha seli kiitwacho TLR4, ndo haohao ambao timu ya Bruce Beutler mwaka 1998 iliwatumia kuonyesha kuwa TLR4 ndo inayoipokea LPS, na 2011 mwenyewe akapata Nobel. Mie walinipa sahani tupu. Nikaweka substreti ya kutoa rangi, nikasubiri, visima vya ekstrakti havikubadilika rangi, nikaishika sahani juu ya karatasi nyeupe nikaiinamisha huku na huku nikitafuta hata ubuluu wa mbali. Standadi zimepanda vizuri, seli zilizopewa zaimosani, ganda la hamira linaloamsha seli bila TLR4, zimejibu vizuri, kwa hiyo seli ziko hai na eliza inafanya kazi. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa ni bakteria waliozaliana kwenye chupa yangu.

Sura niliizika, nikapata nyingine. Kazi ilikuwa kwa bibi. Nilipokuja likizo nikamweleza taratibu, nikijiandaa kubembeleza, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mie naoshea usaha utoke, mjukuu wangu. Hao askari umewaleta wewe."

Kwa hiyo: LAL, kipimo cha endotoksini, kabla ya seli. Mnaofanya mimea mjue kuwa beta-glukani zinaweza kuidanganya LAL kupitia fakta G, mlango wake wa pembeni, tumieni bafa inayozuia njia hiyo. Polimiksini B iwepo kwenye sahani, na zimua ekstrakti mpaka ishara ife, isipokufa usiipongeze.

2. Ringi ya silikoni. Hii ni kwa mnaokwenda kufanya vidonda kwa panya kwenye maabara za nje. Panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi, panniculus carnosus, ukimtoboa mgongoni ngozi inavutwa na kidonda kinajifunga kwa kusinyaa. Binadamu sehemu kubwa ya mwili hatuna msuli huo, sisi tunategemea zaidi tishu mpya ijae na epithelia, tabaka la juu la ngozi, itambae juu. Bila ringi ya kushikilia kingo, "dawa" yako inapimwa kwa mvuto. Na angalieni mzunguko wa manyoya, ngozi iliyo kwenye anajeni (manyoya yanaota) inapona haraka kuliko iliyo kwenye telojeni (yamepumzika), kwa hiyo ukiona mgongo umeanza kuwa mweusi baada ya kunyoa usimchanganye huyo na wenzake weupe. Madume watengeni, wanang'atana na ringi wanazing'oa.

3. M1 na M2. Naomba, jamani. Kusema makrofeji za kidondani ni M1 (za kupigana) au M2 (za kujenga) ni sawa na kusema watu wa Tanga ni wa Ngamiani au wa Raskazone, wa Chumbageni mmewaweka wapi? Kile ni kipimo cha kwenye sahani, ukiweka LPS na interferoni gamma huku na IL-4 kule. Kidondani seli moja inabeba alama za pande zote, na inachofanya kinategemea siku. Mwaka 1975 Leibovich na Ross waliziondoa makrofeji kwa simbilisi (guinea pig), kidonda kikachelewa kusafishika na kujaa, tukajua kumbe si wazoa taka tu. Mwaka 2010 Lucas na wenzake wakaziondoa kwa panya kwa awamu: ukiziondoa mwanzoni tishu changa haijai vizuri, ukiziondoa katikati mishipa midogo inavuja damu, ukiziondoa mwishoni kwenye kovu hakuna kikubwa. Seli zilezile, siku tofauti. Sasa mtu analeta sampuli ya siku moja tu anasema "makrofeji zinasaidia uponaji". Siku gani? Leteni angalau tatu.

4. Damu haisubiri chai. Nyutrofili, seli za kinga za damu zinazowahi kidondani mwanzo, zinakufa upesi, hazipendi barafu, hazipendi kutikiswa, na ukizigandisha umeziua. Ikitoka wodini ije moja kwa moja, kwa joto la kawaida la chumbani, na simaanishi chumba cha mchana wa Februari bila feni. Kuna aliyepitia mihogo Barabara ya 8 na mirija iko kwenye begi mgongoni, nyutrofili zikafika zimeshajiwasha zenyewe, akaandika "wagonjwa wa kisukari wana aktivesheni ya juu". Wagonjwa au begi?

Umeme ukikatika usifungue friza ya nyuzi hasi 80 kuangalia kama bado baridi. Kwa kufungua huko ndo unaipasha.

5. Picha za kidonda: rula ndani ya picha, umbali uleule, taa ileile, flashi zima kwa sababu inang'aa kwenye majimaji. Anayepima asijue mgonjwa yuko kundi gani. Kwisha.

6. Mgonjwa ana jina na ana umri. Tanga hii, unaingia wodini hujasema shikamoo, hujakaa, unafunua mguu wa mama wa watu unatafuta kingo za kidonda. Hapana. Salimia, vuta kiti, muulize kalala vipi. Bandeji iliyokauka usiivute, ilowanishe na saline uisubiri iachie yenyewe, ukivuta unaondoka na epithelia changa ambayo mwili umeihangaikia wiki nzima, na hiyo ndo tishu unayodai unaitafiti. Mzee mmoja mvuvi aliniangalia nikiandaa panchi ya biopsi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kipande unachokitoa, kinarudi?" Mguu wa kisukari, damu haifiki vizuri, na mie nataka kumwongezea tundu. Nikakaa kimya. Tukabadilisha protokali, tukaandika upya maombi ya maadili, siku hizi tunachukua tishu ile ambayo daktari wa upasuaji anaiondoa hata hivyo akisafisha kidonda. Haina mpaka mzuri, ina bakteria wengi, na kuitenganisha seli ni balaa, nakubali, mtazoea. Kwa wenye kovu la keloidi ndo kabisa, hao usiwachokonoe, keloidi inaota ulipochokonoa.

7. Swabu ya juu ya kidonda inakuambia nani anaishi juu. Haikuambii nani anasumbua chini.

8. Beseni la maji la inkubeta libadilishwe kila wiki, unyevu wa hapa unaotesha ukungu hata kwenye viatu. Anayesema si zamu yake ajue zamu zimebandikwa mlangoni.

9. Panya wa miiba. Hili naliacha mwisho kwa makusudi maana ndo linalonifanya nibaki kwenye kazi hii. Mmezoea kusoma kuwa mamalia akikatwa anaweka kovu, anayerudisha kiungo ni salamanda, na hata huyo mwaka 2013 Godwin na wenzake walionyesha ukimwondolea makrofeji mguu haurudi. Haya, mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake wakatoa kwenye Nature kazi waliyoifanya kwa panya wa miiba wa Kenya, Acomys kempi na Acomys percivali. Ukimkamata anakuachia ngozi mkononi anakimbia, hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kwa sababu ngozi yake ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa kawaida. Halafu inaota tena, na vinyweleo vyake. Wakamtoboa sikio tundu la milimita 4, likajifunga, na gegedu ndani. Mwaka 2017 ikaonekana hata huyo bila makrofeji sikio halijifungi. Kwa hiyo makrofeji anazo kama sisi, ila zake zinamalizia kazi kwa namna nyingine, na swali la kwa nini liko wazi, na mnyama mwenyewe wa Afrika Mashariki, jamii yake wako hata Tanzania, na nyie mnakuja kwangu na pendekezo la tano la aloevera.

Mwenye kulitaka hili aje na kurasa mbili zilizoandikwa, zenye kontroli, ajue pa kuombea kibali cha kukamata wanyamapori, na anieleze atawashikaje bila kuwachuna. Voisi noti za dakika kumi sizisikilizi.