Mbwa mzee anayetema vidonge

Ndugu wa Jinja, umesema mbwa wako wa miaka 11 ameandikiwa doksisaiklini kwa homa ya kupe, naye anakula posho (ugali) na kuacha kidonge chini ya bakuli. Acha kukichanganya na chakula chote. Akibakiza nusu, hutajua amepata dozi gani.

Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, uyaponde, ufinyange tonge tatu ndogo kama punje ya njugu. Nawa mikono kabla ya kufinyanga tonge tupu, maana harufu ya dawa humshtua. Mpe tonge tupu, kisha lenye dawa, na papo hapo mwoneshe la tatu: atameza la pili haraka ili alifikie. Maziwa hapana, kalsiamu yake huizuia dawa hii isifyonzwe vizuri.

Akikataa, fungua taya, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, sugua koo. Akilamba pua, kimeshuka. Kisha mpe mililita 5 hivi za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa shavu, kichwa kisiinuliwe, yasije yakaingia mapafuni. Usiruke hatua hii: doksisaiklini ikikwama kooni huchoma.

Mchungulie meno pia. Mbwa wa umri huo mara nyingi hukataa kwa sababu mdomo unauma, na hapo maini hayatasaidia. Akikataa hata nyama, au akitapika dawa, mrudie daktari wa mifugo. Usimwongezee dozi mwenyewe.